Nosferatu ya 2024 na ile ya 1922: jibu kwa msomaji wa Tanga

"Shikamoo, Mwalimu. Niko Tanga. Nimeangalia Nosferatu ya 2024 mara mbili na bado inanizunguka kichwani. Lakini kila ninayemtajia ananicheka, ati hiyo ni nakala tu, yenyewe ni ile ya 1922. Nikaitafuta hiyo yenyewe, nikaifungua kwenye simu usiku, sikufika hata nusu saa nikawa nimeshalala. Sasa niambie: hii mpya imefaulu, au mimi ndiye sijui filamu? Na wanaosema Orlok ni mumiani wa kizungu, ni kweli? Tena kwa nini kila ukigusa filamu za kutisha lazima umtaje Herzog?"

Marahaba, mwanangu. Hujui filamu vipi, na filamu ya saa mbili na dakika 12 umeirudia mara mbili? Filamu ya Robert Eggers imefaulu. Imefaulu kwa Ellen, yule mke. Kwa Orlok, mnyonya damu mwenyewe, imekwenda ikichechemea, na kwenye tauni imelala, tena usingizi mzito kuliko huo wako. Nitafika kote huko, ila kwanza tumalizane na hao wanaokucheka.

Wanakucheka kwa kuangalia nakala, ilhali hiyo "yenyewe" ilifikishwa mahakamani kwa kunakili. Ilitengenezwa Ujerumani na kampuni changa iliyoitwa Prana-Film. Mwongozaji alikuwa Friedrich Wilhelm Murnau, lakini mwenye wazo ni Albin Grau, mchoraji aliyezama kwenye elimu za siri, ambaye ndiye aliyechora sura ya Orlok, mavazi na mandhari. Hadithi waliitoa kwenye Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897. Wakabadilisha majina: Dracula akawa Orlok, Harker, yule mume kijana, akawa Hutter, London ikawa mji wa kubuni wa Wisborg. Kisha, kwa ujasiri ambao mpaka leo siuelewi, wakaandika mwanzoni mwa filamu kwamba wameitoa kwa Stoker, na ruhusa hawakuomba wala senti hawakulipa. Stoker alikuwa amefariki mwaka 1912, lakini mjane wake Florence alikuwa hai na hakuwa mtu wa kuchezewa. Akafungua kesi. Prana ikafilisika, filamu hiyo ikawa ya kwanza na ya mwisho kwake, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Tunayoiona leo imeungwaungwa kutoka kwenye nakala zilizonusurika, nyingine zikiwa zimeshavuka mipaka ya Ujerumani.

Hata hivyo wezi hao waliacha kitu. Kwenye riwaya ya Stoker, Dracula anatembea mchana barabarani London. Nguvu zinampungua tu, na mwisho anauawa kwa visu. Kwa Murnau jua ndilo linalomuua, anageuka moshi mbele ya dirisha. Leo mtoto yeyote aliyeona katuni mbili atakwambia mnyonya damu anaogopa jua, akidhani ni jambo la tangu na tangu. Lilitoka kwenye filamu ile iliyohukumiwa kuchomwa moto.

Basi mimi napimia hapo. Filamu iliyotengenezwa upya siiulizi kama imefanana na ya kwanza au imeipita kwa ufundi. Naiuliza imetia hofu wapi ambako mtangulizi alipaacha wazi. Gus Van Sant mwaka 1998 aliipiga upya Psycho ya Hitchcock karibu picha kwa picha, akabadilisha waigizaji na kutia rangi. Hakuna aliyelala na taa kwa sababu yake. John Carpenter naye mwaka 1982 alichukua filamu ya 1951 ya kiumbe kilichofukuliwa kwenye barafu, akairudisha kwenye wazo ambalo ile ya kwanza ililiruka: kiumbe kinachojigeuza kuwa mwenzako, mpaka hujui aliyekaa karibu nawe ni nani. Ilipotoka, wakosoaji waliipiga mawe na mapato yakawa hafifu. Leo The Thing ya Carpenter ndiyo inayotajwa, ya 1951 inakumbukwa na wazee kama mimi.

Sasa huo usingizi wako. Niko tayari kuapa kwamba uliangalia nakala ya bure ya intaneti: nyeusi na nyeupe tupu, watu wanatembea kama wanafukuzwa na nyuki, na chini yake kuna kinanda kilichobandikwa na mtu asiyejua kinachoendelea. Hiyo Murnau hakuitengeneza. Filamu bubu hazikuwa bubu. Zilionyeshwa na wapiga muziki ukumbini, na hii iliandikiwa muziki wake na Hans Erdmann. Wala nyingi hazikuwa nyeusi na nyeupe tupu. Filamu ilichovywa rangi: usiku bluu, ndani penye taa manjano, alfajiri waridi. Kamera za wakati ule zilipata shida kupiga usiku, kwa hiyo matukio ya usiku yalipigwa mchana kisha yakatiwa bluu. Ukiondoa bluu, unamwona Orlok amebeba jeneza lake akikatiza mtaa juani saa saba mchana, halafu mwisho wa filamu unaambiwa jua linamuua. Nani asingelala? Ukikulia kwenye kibanda umiza unajua mtu wa pembeni anayesimulia anavyoweza kuijenga filamu au kuiua. Na hii iliuliwa na watu wasioitakia mabaya. Tafuta nakala iliyokarabatiwa na Taasisi ya Friedrich Wilhelm Murnau, yenye rangi na muziki wa Erdmann, kama saa moja na nusu hivi. Na simu weka mbali, tumia runinga.

Ukiipata nakala hiyo utaona kwa nini wazee hawaiachi. Miaka ile Wajerumani walipenda kujenga kila kitu studio, kuta zimepindapinda, vivuli vimepakwa rangi ukutani. Murnau alitoka nje. Alipiga Wismar na Lübeck, miji ya kweli ya bandari, na ngome ya Orava huko Slovakia. Kwa hiyo zimwi halitembei kwenye ndoto ya mchoraji, linatembea mbele ya maghala ya chumvi ya Lübeck ambayo yapo mpaka leo, watalii wanapiga picha. Upepo unavuma kweli, mawimbi ni mawimbi. Halafu katikati ya hadithi profesa anawaonyesha wanafunzi wake mmea unaofunga majani yake juu ya nzi, na kijidudu cha majini chenye minyiri, laini mpaka kinapenyeza mwanga, kikimkamata mwenzake. Haelezi chochote juu ya Orlok. Hana haja. Ameshasema kwamba dunia hii yenyewe inanyonya, na Orlok ni sehemu yake kama buibui.

Na Orlok wa Max Schreck haelezwi kabisa. Ametoka wapi, alikuwa nani, anataka nini zaidi ya damu? Hakuna anayejua. Anatokea mlangoni mwembamba, mabega yamepanda, mikono imening'inia kama ya mtu aliyesahau matumizi yake. Akitoka kwenye jeneza melini anainuka wima bila kukunja goti, kama ubao. Ni mbinu rahisi kabisa, na miaka zaidi ya 100 baadaye bado sijaizoea.

Lakini Murnau aliacha chumba kimoja hakukifungua, nacho ni Ellen. Kuna tukio moja fupi ambalo ningependa ulirudie mara tatu. Ellen amekaa ufukweni, kwenye mchanga wenye misalaba ya makaburi iliyoinamishwa na upepo, anaangalia bahari. Anamsubiri mumewe. Ni sawa, mke anasubiri mume. Ila mumewe anarudi kwa nchi kavu, juu ya farasi. Anayekuja kwa bahari ni Orlok. Murnau anatuonyesha farasi, anatuonyesha meli, anaturudisha kwa yule mwanamke mwenye nguo nyeusi, na haongezi neno. Anamsubiri nani? Filamu inaliacha swali palepale ufukweni na kuendelea na safari.

Eggers akaliokota. Huyu ni mtu aliyeipandisha Nosferatu jukwaani akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, kwa hiyo ameishi nayo maisha yake yote. Filamu yake haianzi kwa Hutter anayetumwa na dalali wa nyumba kwenda milimani, ingawa safari hiyo ipo. Inaanza miaka kadhaa nyuma, gizani, na msichana mpweke anayelia na kuomba kitu chochote kije kumliwaza: malaika, roho, yeyote. Kitu kikaitika. Kikamwapisha. Dakika chache tu, tayari yuko kwenye majani ya bustani mwili umekakamaa, na kila kinachofuata, ngome, meli, panya, kimetokana na kile kiapo cha mtoto asiyejua anamwapia nani.

Hapo ndipo filamu inaposimama kwa miguu yake. Uovu wa 1922 ulitoka mbali, mashariki, ukaletwa na mgeni mwenye pua ndefu akiambatana na panya, na wachambuzi wengi wameshahoji kama Wayahudi wa Ujerumani hawakuchorwa kwa mstari huohuo wa kalamu, hata kama Murnau hakukusudia. Eggers ameuvunja mstari huo. Orlok wake hakuvamia mji. Aliitwa kutoka ndani ya nyumba yenye heshima, na mtu aliyekuwa na haki ya kuliwazwa lakini hakuliwazwa na yeyote. Unamwogopa Orlok, halafu unagundua unamwogopea Ellen zaidi, halafu kidogo unamwogopa Ellen mwenyewe.

Nakuomba uangalie anavyotibiwa. Daktari Sievers ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloumiza. Anaagiza alale na koseti, lile vazi la kubana kiuno, imekazwa, anampa etha imlaze, anamfunga kitandani, kwa nia njema kabisa ya daktari wa 1838. Mume anampenda lakini hataki kusikia ndoto zake. Rafiki wa mume, Harding, anamvumilia kama mgeni aliyekaa mno. Anayemwamini ni Profesa von Franz peke yake, mzee aliyetengwa na wenzake kwa kuchezea mambo ya uchawi, ambaye Willem Dafoe anamcheza kwa raha utadhani yeye ndiye aliyelipia filamu. (Dafoe huyuhuyu mwaka 2000 alimcheza Max Schreck, mwigizaji wa Orlok wa kwanza, kwenye filamu inayobuni kwamba Schreck alikuwa mnyonya damu wa kweli.)

Wakosoaji wa Ulaya na Marekani waligawanyika sana juu ya Lily-Rose Depp, anayemcheza Ellen: wengine walisema anazidisha, macho yanapinduka, ulimi unatoka, mgongo unapinda. Mimi nilishangaa kushangaa kwao. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Ellen anapandisha. Tumeona watu wakipandisha, tunajua hakuna anayepandisha kwa adabu, na tunajua kinachofuata: jamaa kugawanyika, huyu anasema hospitali, yule anasema mganga, na mgonjwa katikati akijua fika amepagawa na nani ila hakuna anayemuuliza jina. Uigizaji wake umekusudiwa kuvuka mpaka. Kuna tukio baada ya mumewe kurudi, wawili wako chumbani wanagombana, naye anabadilika katikati ya sentensi: sauti inashuka, uso unafanya vitu viwili kwa wakati mmoja, anamtusi mumewe kwa kumlinganisha na yule mwingine, kisha dakika hiyohiyo ni mkewe tena anayeomba msamaha. Kamera haikati kumsaidia. Mtu anayesema Depp ni pua ya baba yake Johnny Depp tu na jina, aliangalie tukio hilo peke yake.

Hilo linanifikisha kwenye mumiani. Hapana, Orlok si mumiani. Mumiani wa masimulizi ya bibi zetu alikuwa mtu hai mwenye ajira. Alikuwa na gari na sindano, na damu aliipeleka kwa wakubwa ikatengenezwe dawa. Nairobi na Kampala waliogopwa wazimamoto kwa sababu hiyohiyo. Ilikuwa hofu ya utawala wa mkoloni na hospitali zake. Ukitaka jamaa wa Orlok wa Eggers hapa kwetu, nenda Pemba mwaka 1995, popobawa alipotanda mpaka Unguja, watu wakalala nje makundi kwa makundi wamewasha moto. Popobawa aliingia chumbani, akamlalia mtu kifuani, akamfanyia fedheha, na ilisemwa kwamba aliyefanyiwa asipotangaza kwa watu, atarudiwa. Orlok wa Eggers hang'ati shingo kama kwenye mabango ya sinema. Anamlalia mtu na kunyonya kifuani, jinsi wanakijiji wa Ulaya ya mashariki walivyoamini maiti inavyofanya. Jinamizi hasa. Na Ellen naye mzigo wake mkubwa ni aibu ya jambo lisilosemeka. Siku anayolisema lote kwa mumewe ndiyo siku anayopata nguvu ya kulimaliza. Eggers hajui habari za Pemba kwa kadiri ninavyoona, lakini kiumbe alichokichimba kwenye imani za kwao kinafanana na chetu kuliko Dracula yeyote mwenye joho.

Sasa kwa Orlok mwenyewe, ambako sikubaliani na sifa nyingi ulizosoma.

Mwanzo wake ni mzuri mno. Hutter amesimama njia panda usiku, theluji inaanguka, gari la farasi linakuja bila mwendeshaji, mlango unafunguka, na kabla hajaamua lolote yuko mlangoni; hatumwoni akipiga hatua. Kwa Murnau gari lile lilikimbia kwa mshtukoshtuko na msitu ukageuzwa rangi, weusi ukawa weupe. Eggers hakuiga mbinu, ameiga kizunguzungu. Ndani ya ngome vivyo hivyo: Orlok yuko upande wa pili wa moto, huoni sura, unasikia pumzi na lile agizo la kuitwa bwana kwa heshima inayostahili ukoo wake. Hutter anajikata kidole akikata mkate, kama alivyojikata mwenzake wa 1922, na chumba kizima kinageuka. Jarin Blaschke, mpiga picha, amezitoa rangi usiku wake mpaka mwezi ukabaki na fedha tu na bluu kidogo. Kama filamu yote ingekuwa nusu saa ile, ningeandika jibu la mistari miwili.

Tatizo ni kwamba Orlok anaendelea kuongea. Bill Skarsgård alifunzwa na mwimbaji wa opera ili aishushe sauti, na sauti yenyewe kweli inatetemesha meza, lakini kinachosemwa nayo ni masharti. Kuna kiapo, kuna karatasi ambayo Hutter ameisaini bila kujua anamwacha mkewe, kuna usiku tatu, kuna sharti kwamba Ellen aridhie kwa hiari. Orlok analieleza, profesa analisoma kwenye kitabu, Knock, yule dalali, analipigia kelele. Ikifika saa ya pili nilikuwa naijua mikataba ya Orlok kuliko wa nyumba niliyopanga. Na ukishajua masharti ya zimwi umeshapata mpini wa kulishika. Schreck hakuwa na masharti. Jogoo aliwika, basi.

Masharubu sina ugomvi nayo, ingawa najua yaliwachekesha wengi baada ya miezi ya matangazo kuificha sura. Bwana mkubwa wa milima ile karne kadhaa nyuma angekuwa nayo, na Eggers alitaka maiti ya bwana huyo, nyama imeoza mgongoni, si popo mwenye adabu. Ni chaguo lenye hoja. Lisilokuwa na hoja ni wale Waroma (ambao Wazungu huwaita Gypsy) wa kijiji cha milimani, wanaojua kila kitu, wanamcheka mgeni, wanampandisha msichana bikira uchi juu ya farasi kwenda kutafuta kaburi, kisha wanatoweka. Desturi ya farasi na kaburi ilisimuliwa kweli huko. Lakini watu wenyewe wamekuwa pambo la ukuta.

Tauni nayo ndiyo hasara kubwa. Meli inafika, panya wa kweli kwa maelfu wanamwagika mitaani, na tunaambiwa mji unakufa. Tunaambiwa. Kifo tunakiona kwenye nyumba moja tu, ya Harding, na humo kinauma hasa: mke mjamzito na watoto wawili wa kike, na baba aliyekuwa akijidai na mantiki anavunjika mpaka anawafuata kaburini. Ila mji wa Wisburg, kama Eggers anavyouita, ulijengwa pale studio za Barrandov, Prague, kwa uangalifu mpaka kitasa, na bado haukuwahi kuwa na watu. Murnau alikuwa akiwapigia filamu watu waliotoka kwenye vita na mafua ya 1918. Alihitaji tu kuonyesha mstari wa majeneza ukishuka mtaani na mtu akitia alama za chaki milangoni. Ukumbini hapakuwa na mtu asiyejua msiba ule.

Hapo ndipo anapoingia Herzog, ambaye umenilalamikia kumtaja. Werner Herzog aliitengeneza upya mwaka 1979, na kwa kuwa haki za riwaya zilikuwa zimekwisha akamrudishia Dracula jina lake. Mji aliupigia Delft, Uholanzi. Tauni kwake ndiyo filamu yenyewe. Isabelle Adjani anakatiza uwanjani katikati ya majeneza, na wenyeji, wakijua wamekwisha, wametoa meza nje, wamevaa nguo nzuri, wanakula na kucheza, panya miguuni mwao. Wanamkaribisha akae nao. Hakuna anayepiga kelele. Mwishoni ofisa mmoja anaagiza profesa akamatwe kwa mauaji, na hakuna wa kumkamata: polisi wamekufa, na walinzi wa gereza wamekufa. Unacheka, kisha unaona baridi. Eggers, mwenye bajeti ya dola milioni 50 hivi na mapato ya zaidi ya milioni 180, hakupata dakika moja ya namna hiyo. Adjani huyo ndiye Depp alimsoma kwa ajili ya Ellen, ila kwenye filamu nyingine, Possession ya 1981, ambayo sikushauri uianze usiku.

Pamoja na hayo yote, mwisho wa Eggers ndio ulionifanya niseme amefaulu, kwa hiyo tuuweke sambamba na ule wa 1922.

Kwa Murnau: Ellen anafungua dirisha. Ng'ambo, kwenye nyumba tupu, Orlok alikuwa amesimama ameshika nondo za dirisha akimsubiri. Kivuli kinapanda ngazi, vidole vinarefuka kuuelekea mlango. Yuko kitandani, na kivuli cha mkono kinateleza juu ya gauni lake jeupe mpaka kifuani, kisha kinafumba ngumi penye moyo, naye anajikunja kwa maumivu. Mkono wenyewe hauonekani. Sijaona mtu aliyelipita tukio hilo, na Eggers alikuwa na akili ya kutojaribu. Kivuli cha mkono wa Orlok wake amekipitisha juu ya mapaa ya mji mzima, na ni kizuri, lakini ni kizuri kama bango.

Kisha Ellen wa 1922 analala tu. Anatoa damu yake, kazi yake ni kuvumilia mpaka jogoo awike. Ellen wa 2024 amevaa gauni la harusi, na maiti iko juu yake inanyonya kifuani. Jogoo anawika. Orlok anasikia, anainua kichwa aondoke. Mkono wa Ellen unapanda, unamshika kisogoni, unamrudisha chini. Taratibu, kama unavyomrudisha mtoto kwenye titi. Jua linaingia, damu inamtoka Orlok machoni na mdomoni, bado ule mkono haujamwachia. Ukisoma uso wake huwezi kusema ni kisasi, huruma au uchu, na nadhani ni vyote vitatu. Lile swali la ufukweni, anamsubiri nani, limejibiwa na mkono mmoja, miaka 102 baadaye. Tuzo za Oscar ziliitaja filamu hii mara nne, upigaji picha, mandhari, mavazi na urembo wa nyuso, haikupata hata moja. Mkono huo haukuwa na kundi la kushindania.

Ukirudi kwenye hizi filamu, anza na ya Murnau iliyokarabatiwa, kisha ya Herzog, ndipo uirudie ya Eggers mara ya tatu. Hiyo ya Eggers usiiwekee sebuleni mama akiwepo, hapana, usijaribu. Na ya Herzog tafuta ya Kijerumani yenye maandishi chini. Waigizaji walipiga matukio kwa Kijerumani na tena kwa Kiingereza, zikatoka filamu mbili, na kwenye ile ya Kiingereza baadhi yao wanasikika kama wanasoma tangazo la msiba redioni bila kumjua marehemu.